Chemka kwa magongo: uzoefu wangu miezi mitano baada ya kuvunjika paja

Mimi ni fundi cherehani, naishi Arusha, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Mwezi wa tatu bodaboda niliyopanda iligongwa ubavuni, paja la kulia likavunjika, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Namshukuru Mungu mfupa uliunga vizuri. Goti ndilo lililogoma. Lilikuwa linakunja nyuzi 70 tu, na hapo huwezi hata kukaa kwenye kiti cha Kosta bila mguu kuziba njia, sembuse kukanyaga pedeli kutwa nzima.

Mara mbili kwa wiki nilikuwa naenda mazoezi hospitalini. Najilaza kitandani, nakunja, nahesabu. Nikifika kumi na tano machozi yananitoka. Nyumbani nilitakiwa kurudia mara tatu kwa siku. Siku nyingi sikurudia hata mara moja, na kijana anayenisimamia mazoezi alilijua hilo bila kuuliza, maana goti halidanganyi. Siku moja aliweka kando kile kipimo chake cha pembe, akaniuliza, "Dada, kabla ya ajali ukiwa huna kazi ulikuwa unapenda nini?"

Nikamwambia maji. Nimekulia Musoma, kando ya ziwa.

"Basi tafuta maji uingie."

Nilidhani ananifariji tu. Akanisimulia habari za daktari Ludwig Guttmann wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, aliyekuwa akitibu watu walioumia uti wa mgongo vitani. Guttmann aliwaingiza wagonjwa wake kwenye michezo kama sehemu ya matibabu, na mwaka 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, alifanya mashindano ya upinde na mishale yenye washiriki 16, wote wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Huko ndiko Paralimpiki, Olimpiki ya watu wenye ulemavu, ilikoanzia. Kijana akaniambia mwili ukipata kitu unachokipenda unafanya kazi bila kusukumwa. Tena ukisimama kwenye maji ya kiunoni, miguu inabeba kama nusu tu ya uzito wako. Kwa goti bovu hiyo ni nafuu kubwa.

Hakuniachia niende hivihivi, na nawaomba wenzangu mlioumia msiruke hatua hii. Daktari aliangalia kwanza picha ya mfupa, akahakikisha kidonda kimefunga kabisa, kwa sababu maji ya mto na kidonda kibichi haviendi pamoja. Aliniambia nisikae kwenye gari muda mrefu bila kusimama na kunyoosha mguu, damu isije ikaganda kwenye mishipa. Akanikumbusha pia kichocho: nikwepe maji yaliyotuama yenye majani na konokono, na nikapime baadaye.

Tulikwenda Jumanne ya Agosti, mimi na wifi yangu. Chemka ni chemchemi, wengine huiita Kikuletwa au Maji Moto, na iko wilaya ya Hai. Unashukia Boma Ng'ombe kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi, halafu unaingia ndani kwa bajaji au bodaboda. Bodaboda mimi bado siwezi kuitazama, tukachukua bajaji. Gari la kwanza pale Arusha, konda aliangalia magongo yangu akasema limejaa, na viti vitupu naviona kwa macho yangu. Iliniuma kuliko goti. La pili walinipa kiti cha mbele na magongo wakayalaza vizuri nyuma ya dereva.

Njia ya kuingia ndani ni vumbi na mashimo. Kila shimo chuma nilikisikia. Dereva wa bajaji, kijana mpole, alipoona nauma kanga alipunguza mwendo akasema, "Pole mama, tutafika tu, hatuna haraka." Tulisimama mara mbili nikanyoosha mguu. Pande zote ni nchi kavu, nyasi za rangi ya mchanga, mbuzi wachache. Halafu ghafla unaona miti mirefu ya kijani imejikusanya mahali pamoja, na katikati yake maji ya buluu, maangavu kiasi kwamba mawe ya chini unayahesabu.

Kushuka ndiyo sehemu ngumu. Ukingo ni mizizi ya mikuyu na udongo unaoteleza, na gongo lenye raba iliyolika halishiki hapo. Nilikuwa nimenunua raba mpya siku mbili kabla, na ndizo zilizoniokoa. Wifi alitangulia majini, mvulana mmoja wa pale anayekodisha tyubu akanishika kiuno, nikashuka kwa makalio kama mtoto anayejifunza ngazi. Sikuona aibu. Hakuna aliyetukodolea macho pia, ndiyo maana nasisitiza siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili panajaa watu na muziki, na vijana wanaruka na kamba kutoka juu bila kuangalia nani yuko chini.

Jina la maji moto lisikudanganye. Si ya kuchemka, ni vuguvugu tu. Lakini kwa mtu aliyetoka kwenye baridi ya Arusha ya Agosti, vuguvugu hilo linaingia mpaka kwenye mfupa. Nilishika mzizi kwa mikono miwili, nikaacha miguu ielee. Mguu wa kulia ulipanda wenyewe. Miezi mitano nilikuwa naunyanyua kwa mikono kama mzigo wa mtu mwingine, sasa unapanda.

Halafu wakaja samaki. Kuna visamaki vidogo pale vinavyodonoadonoa ngozi ya miguu. Kushoto nilivisikia mara moja, nikacheka kwa kelele. Kulia nina ganzi upande wa nje wa unyayo tangu ajali. Nilitulia. Niliona samaki watatu wanadonoa pale penye ganzi na sisikii kitu. Nikangoja. Mmoja akaja karibu na kidole gumba, nikasikia kwa mbali sana, kama mtu anayegusa ukiwa umevaa soksi mbili. Nilimwita wifi kwa sauti akadhani nimeumia. Alipojua ni samaki, tukalia wote wawili mle majini.

Tulikaa zaidi ya saa moja. Nilipiga mateke, nilitembea kwenye maji ya kifuani bila gongo, nilikunja goti nikifukuza tyubu. Sikuhesabu hata mara moja. Baadaye tulikula mishkaki na ndizi za kuchoma, mguu nimeuweka juu ya begi.

Alhamisi kijana wa mazoezi alipima: nyuzi 79. Aliniambia wazi kwamba misuli imelegea kwa sababu ya maji, nikiacha mazoezi nyuzi hizo tisa zitapotea. Kwa hiyo asije mtu akasema Chemka inatibu mifupa. Hospitali ndiyo iliyonitibu. Ila tangu siku ile narudia mazoezi ya nyumbani mara tatu, kila siku, kwa kuwa najua nayafanyia nini: nataka kushuka ule ukingo kwa miguu yangu.

Kwa aliyeumia mguu na ambaye daktari amemruhusu, nakushauri nenda ukiwa na mtu mwenye nguvu wa kukushika. Anayetumia kiti cha magurudumu ajue kwamba bila watu wawili wa kumbeba hatafika majini, na hilo linanisikitisha, maana ubao mmoja mpana na kamba ya kushikia vingetosha.

Tunarudi mwezi ujao, Jumanne tena. Namba ya yule dereva ninayo, na ameahidi kuweka godoro dogo kwenye kiti cha nyuma.