Skrini ya gemu: soma ile namba ndogo kabla ya nembo

Unageuza kamera ghafla ndani ya gemu, na nguzo iliyosimama wima inakatika katikati: kipande cha juu kimeshasogea, cha chini bado kiko nyuma. Hapo kadi ya michoro imeleta fremu mpya, yaani picha moja kamili, wakati skrini haijamaliza kuchora ya zamani. V-Sync inaondoa mkato huo kwa kuisubirisha kadi, lakini kwenye skrini ya 60 Hz, inayochora mara 60 kwa sekunde, fremu ikipitwa na zamu yake ya milisekunde 16.7 inangoja nyingine, na kipanya kinakuwa kizito mkononi. Adaptive-Sync, ambayo VESA, shirika la viwango vya skrini, liliiingiza mwaka 2014 kwenye DisplayPort 1.2a, kiwango cha waya wa kuunganisha skrini, inageuza mambo: skrini ndiyo inayoisubiri kadi.

Ushauri wangu ni kuiwasha. Kazi iko kwenye kuchagua skrini.

Namba moja kwangu ni skrini ya Adaptive-Sync yenye masafa ya 48 hadi 144 Hz au zaidi. Wauzaji hutangaza namba kubwa. Wewe tazama ile ndogo, ya mwanzo wa masafa. Niliwahi kununua skrini ya 48 hadi 75 Hz. Kwenye uwanja mtupu gemu ilikuwa laini kabisa, lakini maadui walipojaa na fremu kushuka hadi 45 kwa sekunde, picha ilianza kushtukashtuka, yaani pale pale nilipohitaji msaada. Namba ya juu ikiwa walau maradufu ya ile ya chini, LFC, mbinu ya kurudia fremu zinapokuwa chache mno, inaweza kufanya kazi: fremu 45 zinaonyeshwa mara mbili mbili, skrini inakwenda 90 Hz, na jicho halishtuki. FreeSync ni jina la AMD kwa skrini za Adaptive-Sync, na nembo ya FreeSync Premium inakuhakikishia LFC. FreeSync ya kawaida haiahidi hilo. Wenye kadi za NVIDIA wasiogope, kwa sababu tangu Januari 2019 kadi za GTX za mfululizo wa 10 na zilizofuata zinazikubali skrini hizi kupitia DisplayPort.

Ya pili ni skrini ya G-Sync yenye moduli (kifaa maalumu) ya NVIDIA ndani yake. Ni nzuri kweli, maana inarekebisha kasi ya pikseli kadiri fremu zinavyopanda na kushuka, hivyo vivuli nyuma ya vitu vinapungua. Ila ni ghali, na mimi ningeongeza hiyo pesa kwenye kadi.

Ya mwisho ni zile za 48 hadi 75 Hz. Zinawafaa wanaocheza gemu nyepesi tu.

Anayechezea PS5 ana njia yake: atafute skrini ya HDMI 2.1 yenye VRR, yaani kasi ya skrini inayofuata fremu, kwa sababu FreeSync peke yake haitamsaidia.

Kabla ya kulipa, kama skrini ni ya VA, moja ya aina za paneli, fungua gemu na uitazame ikipakia ukurasa wenye giza huku Adaptive-Sync imewashwa. Fremu zikiyumba, baadhi ya VA hupepesa mwanga, na ukishaliona hilo hutaacha kuliona. Paneli nyingi za aina ya IPS hazisumbui hivyo.

Ukifika nyumbani, iwashe sehemu mbili: kwenye menyu ya skrini na kwenye programu ya kadi. Kisha weka kikomo cha fremu chini kidogo ya kilele, 141 kwa skrini ya 144 Hz, ili gemu isitoke nje ya masafa. Nafikiria kuizima Adaptive-Sync kwa mchezaji wa mashindano tu, ambaye kadi yake inatoa fremu 300 muda wote.