Pendo lililofichwa: nakala yangu ya Utamaro

Picha niliyoagiza inaitwa Fukaku shinobu koi, yaani pendo lililofichwa moyoni kabisa. Ni kazi ya mchoraji wa Kijapani Kitagawa Utamaro, iliyotolewa Edo, Tokyo ya leo, mnamo 1793 au 1794 na mchapishaji Tsutaya Juzaburo. Yangu ni nakala mpya, ila imechapwa kwa mkono kutoka vibao vya mbao vilivyochongwa upya.

Ilifika imekunjwa kama mkeka. Hilo sikulipenda: kona moja ilikuwa imevunjika kidogo, na nikailaza wiki nzima chini ya Kamusi mpaka ikanyooka.

Baada ya hapo sina lalamiko. Nywele za kwenye paji la uso zimechongwa mojamoja, nyembamba kuliko uzi. Ukiinamisha karatasi dirishani, mandhari ya nyuma, yenye rangi ya waridi, inametameta kwa ulanga, madini yang'aayo. Igeuze nyuma uone rangi ilivyopenya. Mwanamke ameinamisha kichwa, ameshika kiko cha tumbaku mkononi, midomo imefunguka kidogo na ndani meno yaliyotiwa weusi, enzi hizo dalili ya mke wa mtu. Basi hilo pendo analolificha ni la nani? Nimemtazama siku nyingi na bado najiuliza.

Kikaratasi cha muuzaji hakikueleza jambo kubwa kuliko yote: jina la mfululizo huu wa picha tano, Kasen koi no bu, limeigwa kutoka diwani za zamani za mashairi ya Kijapani, ambazo zilitenga sehemu maalumu ya mapenzi. Kokinshu, diwani ya mwaka 905 hivi, ina vitabu 20, na 5 kati yake ni vya mapenzi. Utamaro hakuandika shairi lolote pichani. Ameacha mtazamaji alikumbuke mwenyewe. Mimi huitazama na lile la mshairi Taira no Kanemori wa karne ya 10, ambalo nimejaribu kulitia katika mizani yetu:

Nalificha pendo langu, usoni limechomoza,
hata watu wauliza, ni nini unachowaza?

Kwa Kijapani lina mizani 32, sawasawa na mishororo miwili ya shairi letu. Mpenda ushairi asinunue picha hii bila kulijua shairi hilo, atakuwa amepata nusu.

Sasa naweka akiba ya mwenzake katika mfululizo huo, Mono omou koi. Maneno hayo mono omou, kuwaza jambo, ndiyo yaliyomo katika swali la watu kwenye shairi la Kanemori. Nitazitundika ubavu kwa ubavu.