Nyuki wa Vibonyezo Saba

Ni mwezi wa nane sasa nyumbani kwetu kuna nyuki wa plastiki anayetambaa sakafuni. Anaitwa Bee-Bot, na kazi yake ni kumfundisha mtoto kuprogramu, yaani kupanga amri ambazo mashine itazifuata. Ni roboti mdogo anayeenea kwenye viganja viwili vya mtoto, hana skrini, hahitaji intaneti wala simu ya mama. Wazazi wenzangu wananiuliza kama anamfaa mtoto wa miaka minne au mitano ambaye bado hajajua kusoma, na wanaogopa wasije wakanunua kitu cha kuchezewa wiki moja kikatupwa uvunguni. Mimi nasema anafaa, tena sana, ila ana mahali anapoishia na mtoto lazima apafike.

Nianze na gari, maana kabla ya nyuki nilinunua gari la roboti. Jina lake silitaji. Lilikuwa na taa, nyimbo na makofi. Binti yangu akibonyeza, linaimba. Akikosea, linaimba. Akipatia, linaimba vilevile. Siku ya pili tu nikaona kwamba anabonyeza ili apigiwe makofi, gari linaelekea wapi halimhusu. Halafu amri zote zilipitia kwenye simu yangu, kwa hiyo kila mchezo ulianza na "Mama, naomba simu" ukaishia kwenye video. Mwisho programu yake ikataka kusasishwa, simu yangu ikawa ya zamani mno, na gari zima kabisa, lenye betri mpya, likakataa kusogea. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto aliamini yeye ndiye aliyeliharibu.

Tangu siku ile kichezeo chochote kinachodaiwa kumfundisha mtoto kuprogramu nakiuliza swali moja: mtoto akikosea, ataona amekosea wapi? Kama hawezi kuona, hawezi kurekebisha, na kurekebisha ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nyuki. Mgongoni ana vibonyezo saba. Mishale minne: mbele, nyuma, geuka kushoto, geuka kulia. Kimoja cha kutulia kidogo, kimoja chenye alama ya X cha kufuta, na katikati kile cha kijani kilichoandikwa GO. Mshale wa mbele ni hatua moja ya sentimita 15. Kugeuka ni nyuzi 90, robo ya mzunguko, basi. Mtoto anabonyeza mishale kwa mfuatano anaoutaka, na muda wote huo nyuki hasogei. Ametulia tu, anapokea. Mpaka GO ibonyezwe, ndipo anaanza safari hatua kwa hatua, akisita kidogo baada ya kila moja. Toleo la zamani lilikumbuka amri 40, jipya 200. Kwa mtoto wa miaka mitano zote mbili ni nyingi kupita kiasi. Wa kwangu hupoteza hesabu akishavuka nane.

Kule kutulia ndiko ninakokupenda. Gari la rimoti unaliendesha huku unalitazama, likienda upande unalirudisha. Huyu huwezi kumrudisha njiani. Lazima njia yote uione kichwani kabla hajaondoka, halafu unakaa pembeni kushuhudia ulichokisema. Mtoto wangu, ambaye hawezi kungoja hata maji yapoe, hushika pumzi.

Wiki ya kwanza tulichora miraba nyuma ya karatasi kubwa ya kalenda, kila upande sentimita 15, nikaweka kikombe kwenye mraba wa pembeni. Njia ilikuwa fupi: mbele mara mbili, geuka kulia, mbele mara mbili. Akabonyeza mbele, mbele, kulia, kulia. GO. Nyuki akaenda miraba miwili vizuri, akageuka kulia, akageuka tena, akasimama akimtazama binti yangu.

"Mama, hataki kwenda!"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia, "Hebu wewe uwe nyuki, mama." Akasimama kwenye vigae, mikono ameibana ubavuni kama mbawa. Nikaanza kumsomea alichobonyeza. Mbele, akapiga hatua. Mbele, akapiga nyingine. Kulia. Akageuza mabega, miguu ikafuata, halafu akaganda pale pale. Akainamisha kichwa akaitazama miguu yake kwa muda mrefu.

"Nimegeuka tu," akasema. "Sijatembea."

Akarudi mbio, akafuta, akabonyeza upya bila kuniuliza. Nyuki alipogonga kikombe kwa pua hakuna aliyeimba wala kupiga makofi, na binti yangu hakuhitaji. Uso wake ulitosha.

Wengi wanaokutana na roboti wa namna hii kwa mara ya kwanza hukosea hapo hapo, kwa kudhani kugeuka ni kusogea upande, na mimi nasema kosa hilo peke yake linatosha kumnunua nyuki. Kitendo cha mtoto kujifanya roboti nacho kina historia. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, alikwenda kufanya kazi na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, huko Geneva, kisha Marekani, ambako mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto iitwayo Logo. Baadaye Logo ikapewa kobe: roboti wa sakafuni aliyetembea kwa amri huku akichora kwa kalamu. Papert aliamini mtoto atamwelewa kobe kwa sababu na yeye ana mwili, ana mbele na nyuma, anajua kugeuka ni nini. Nyuki wetu ni wa ukoo wa kobe yule. Nilikuwa nimesoma habari hizo mapema, lakini nilizielewa siku ile nilipomwona binti yangu akiitazama miguu yake.

Yapo mambo mawili yatakayomsumbua kila mtoto, na ni vizuri mzazi ayajue asije akadhani kifaa ni kibovu. La kwanza ni kufuta. Nyuki hasahau mpaka aambiwe. Usipobonyeza X, amri mpya zinaungana na za zamani, kwa hiyo anarudia kwanza safari iliyopita ndipo aanze hii. Kwetu alikwenda moja kwa moja ukutani na mtoto akalia. Sasa yeye ndiye anayemfundisha mdogo wake: "Kwanza mfute kichwani!" La pili ni kushoto na kulia pale nyuki anapokuelekea, kwa kuwa kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Dawa yake ni rahisi: mtoto akae nyuma ya nyuki na kumfuata kwa magoti. Nyuki msimweke mezani, mtamnyima nusu ya faida.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba ukishabonyeza, amri hazionekani popote. Zimo tumboni mwa nyuki. Akipotea kwenye hatua ya tano, utajuaje ya tano ilikuwa ipi? Nilikata vipande vya boksi, nikachora mshale kwenye kila kimoja, na binti yangu huvipanga mstari sakafuni kabla ya kugusa kibonyezo chochote. Nyuki akiondoka, kidole kinafuata mstari, mshale mmoja kwa kila hatua. Pale nyuki anapokwenda kombo kidole kinasimama, na kipande chenye kosa kiko chini yake. Bila vipande hivi ningempa alama sita kwa kumi. Pamoja navyo nampa tisa. Kuvikata ni kazi ya nusu saa, na naomba mzazi asiiruke.

Sakafu nayo iwe ngumu na tambarare. Juu ya zulia lenye manyoya gurudumu la kichezeo chochote huteleza, hatua zinapungua kidogo kidogo, na mtoto anaambiwa amekosea wakati hajakosea. Hiyo ni dhuluma kwa mtoto anayejifunza kuamini hesabu yake.

Kuhusu mdogo wake, mwenye miaka mitatu na nusu, nyuki bado ni mapema. Anabonyeza mbele, anabonyeza GO, anacheka, inatosha. Kwa umri wake mimi ningetazama Cubetto, roboti wa mbao mwenye umbo la mchemraba kutoka kampuni ya Primo Toys ya London. Tumecheza naye nyumbani kwa rafiki yangu jioni mbili. Mtoto anachomeka vipande vya rangi kwenye ubao: kijani ni mbele, chekundu kulia, njano kushoto. Ubao una nafasi 12 za mstari mkuu, na nafasi nyingine 4 za kifungu kidogo cha amri, ambacho hutekelezwa kila kipande cha bluu kinapokutwa kwenye mstari mkuu. Uzuri wake ndio hasa unaokosekana kwa nyuki: programu inabaki machoni na mikononi, mtoto anachomoa kipande kimoja tu na kuweka kingine. Kwa upande mwingine vitu ni vingi vya kutunza, na mtoto wa miaka mitano anaifikia nafasi ya mwisho haraka. Mwenye wa mitatu aende kwa Cubetto. Mwenye wa mitano, nyuki.

Chochote utakachochagua, kigeuze tumbo juu kabla ya kukipeleka nyumbani. Kifuniko cha betri kiwe na skrubu inayohitaji bisibisi. Zile betri ndogo bapa kama za saa, mtoto akimeza, zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na mimi kichezeo chenye betri hizo na kifuniko cha kusukuma kwa kidole gumba sikiingizi mlangoni hata kikiwa cha bure. Nyuki wetu anachajiwa kwa waya, na swichi zake ziko tumboni, pamoja na ya kuzima sauti, ambayo nimeitumia kwa shukrani alfajiri nyingi.

Na kabla ya kununua, jaribuni siku mbili bila kitu. Mzazi awe roboti, mtoto atoe amri, na mzazi atende kile alichoambiwa tu, hata ikimpeleka kwenye mlango wa kabati. Mtoto akifurahia kukurekebisha, mnunulie. Akichoka baada ya dakika tano, mpeni miezi sita.

Binti yangu ameanza kumzidi nyuki. Mwezi uliopita alitaka aende kwa mshazari, na kwa kuwa nyuki hajui kukata pembe, akabuni ngazi: mbele, kulia, mbele, kushoto, mbele, kulia, mbele, kushoto, mpaka kona ya kalenda. Katikati ya kubonyeza akainua kichwa, amechoka.

"Mama, kibonyezo cha kusema 'tena' kiko wapi?"

Tukamgeuza nyuki pande zote, mgongoni na tumboni. Hakipo. Usiku ule nikapakua ScratchJr, programu ya bure ya watoto wa miaka 5 hadi 7, ambayo kipande cha kurudia kimo. Nyuki amehamia upande wa kitanda cha mdogo wake, vipande vya mishale vikiwa kwenye boksi la viatu chini yake.