Walitubadilishia sili ya shafti meli ikiwa majini: uzoefu wangu, Kigoma

Mimi ni fundi injini kwenye meli ndogo ya mizigo, tunabeba saruji na unga Kigoma kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Mwanzoni nilimlaumu kijana wangu kwamba hajazi oili vizuri. Lile tangi dogo la oili ya shafti (mhimili unaozungusha propela), linalofungwa juu ya usawa wa maji ili oili isukume kwenda nje zaidi kuliko maji yanavyosukuma kuingia, lilikuwa linapungua lita moja kila safari. Halafu tatu. Siku niliyofungua kizibo cha chini ikatoka oili rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, nikamwomba kijana radhi. Na huko nyuma ya meli, utando wenye rangi za upinde wa mvua unaelea juu ya ziwa ambalo mji mzima unalinywa. Hilo liliniuma kuliko bei ya oili.

Njia tuliyoizoea ni chelezo: shusha mzigo, vuta meli nchi kavu, ng'oa propela, vua sili, yaani ile pete ya mpira inayoziba pale shafti inapotokea nje ili oili isitoke na maji yasiingie, visha nyingine. Mwenye meli akasikia kuna wazamiaji wa Dar wanaofanya kazi hiyo meli ikielea. Nilibisha waziwazi. "Bosi, sili ni pete. Utaivishaje shafti yenye propela mwishoni?"

Kumbe pete wanaikata.

Walikuja wanne. Tulihamishia mifuko ya saruji mbele ili mkia uinuke kidogo, wakafunga kama chumba cha mpira mzito kuzunguka mahali shafti inapotokea, chini kiko wazi, wakajaza hewa kwa kompresa. Geuza kikombe, kizamishe kwenye ndoo: maji hayajai. Ndivyo ilivyo, fundi anaingiza kichwa na mabega humo na kufanya kazi mikono mikavu. Sisi tulitazama kwenye skrini pale gatini. Maji ya Tanganyika ni maangavu, hata kutu tuliihesabu.

Mchawi alikuwa uzi wa nyavu. Walipokata bamba la kuzuia kamba tuliukuta umejisokota kwenye shafti, umeyeyuka kwa joto na kuwa mgumu kama ukucha, na umeupasua mdomo wa sili. Anayepita usiku kwenye karabai za wavuvi wa dagaa ananielewa.

Sasa ile pete. Mpya imekatwa kwa mshazari. Wanaizungusha kwenye shafti, wanaunganisha ncha kwa gundi yake, kisha wanabana kiungo kwa kifaa cha umeme chenye joto, karibu na vile fundi tairi anavyochoma kiraka. Kazi yote iko hapo. Kidole chenye oili kikigusa kiungo, umepoteza pete. Na walipoteza moja kweli: walipoivuta kuijaribu, ikaachia. Siwalaumu kwa hilo, maana waliijaribu kabla ya kufunga. Ninachowalaumu ni kutoka Dar mpaka huku bila pete ya akiba. Tukasubiri nyingine, kazi ya siku mbili ikawa ya siku sita, na malazi yao tulilipa sisi.

Kingine ambacho ningejua mapema ningeuliza kabla ya kukubaliana bei: ile bomba ya chuma iliyovishwa shafti, ambayo sili inaikumbatia, ikoje? Mdomo wa zamani huichimba mfereji. Kwetu ukipitisha ukucha wa kidole juu yake ulikuwa unakwama kidogo tu, kwa hiyo waliweka spesa, kipande cha kusogezea nafasi, pete mpya ikasogea na kukaa kwenye chuma kizima. Mfereji ungekuwa mpana, sili mpya ingevuja vilevile na hela ingekuwa imezama. Bushi za ndani, zile zinazobeba shafti, nazo hawakuzigusa, hazifikiki bila kuchomoa shafti, kwa hiyo chelezo tumeiahirisha tu, hatujaikwepa.

Kwa meli yenye mzigo na sili iliyoharibiwa na uzi, ningewaita tena. Kwa meli ambayo shafti yake inagonga, nisingewaita.

Nilipiga alama ya chaki kwenye tangi siku waliyoondoka. Safari tano za Kalemie sasa, oili iko palepale kwenye chaki. Karatasi ya vipimo waliyosema wataituma wiki ileile, bado naisubiri.