Misaada ya nje: serikali iendelee kutuma au hela ibaki nyumbani?

Huu ubishi hauishi. Tuanze na gharama maana ndo kelele zinaanziaga hapo. Umoja wa Mataifa uliweka lengo nchi tajiri zitoe msaada wa asilimia 0.7 ya pato la taifa tangu 1970 na nyingi hazijawahi kulifikia, Marekani yenyewe kwa miaka mingi misaada ilikuwa kama asilimia 1 tu ya bajeti ya serikali kuu, siyo ya pato lote la taifa, kwa hiyo ukikata yote usidhani hospitali zako zitajijenga kesho.

Matokeo? Chanjo za magonjwa, pamoja na dawa za ukimwi kama za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi ulioanza 2003, zimeokoa mamilioni ya watu, hapo kutuma kunashinda wazi. Ila hela ikiingia moja kwa moja kwenye serikali yenye wapigaji, mh, imeliwa hiyo.

Kufuatilia, hela ya nyumbani inashinda, angalau mwizi wako unamjua na kura unamnyima.

Sasa kama nchi yako inakopa mpaka hela ya mishahara, bakisha kwanza. Kama ina nafuu, kata ile isiyo na hesabu, ya chanjo iache, magonjwa hayaombagi viza.