Vichezeo vya mbao vya Channapatna: uzoefu wangu

Kule kusini mwa India, ukitoka Bengaluru kwenda Mysuru, kama kilomita 60 hivi, unapita Channapatna, mji wa vichezeo. Nasoma Mysuru, kwa hiyo zawadi za wapwa zangu wa Tanga nanunua hapo, na kwa jinsi zilivyokwisha kurushwa na kutafunwa, naweza kuzisemea.

Vile vya asili vinakerezwa kwa mti mweupe laini unaoitwa aale mara. Nilisimama kwenye karakana moja nikimwangalia fundi. Mbao inazunguka mashineni, anaigandamiza kwa kijiti cha lakiri yenye rangi, joto la msuguano linaiyeyusha na rangi inatambaa yenyewe. Brashi hakuna. Kisha anachukua jani kavu, ndugu yake mkadi wetu wa pwani, anasugua hadi mbao inang'aa kama pipi iliyotoka mdomoni. Rangi za jadi ni za mimea, kama manjano na nili.

Kilichowakosha watoto ni pia. Inazunguka weee, na sakafu ya saruji haijaibandua hata kidogo. Bata wa kuvuta kwa kamba ndiye aliyeniudhi: gurudumu lilichomoka siku ile ile, na kile kipini chake mtoto anaweza kukimeza. Kabla ya kulipa, vuta kila gurudumu kwa nguvu.

Maduka ya kando ya barabara yanachanganya vya asili na vilivyopakwa rangi ya dukani. Pindua kitu, tazama chini: ukiona michirizi ya brashi au ukisikia harufu ya rangi, rudisha.

Pia msivichanganye na vichezeo vya Kondapalli, kule jimbo la Andhra Pradesh. Hivyo vinachongwa kwa mkono kwa mti mwepesi sana, tella poniki. Vipande vinaungwa kwa gundi ya mbegu za ukwaju na unga wa mbao, halafu vinapakwa rangi kwa brashi. Tembo niliyemnunua, mwenye kiti cha kifalme mgongoni, ni mzuri ajabu, ila mkonga ulibaki mkononi mwa mpwa. Hivyo ni vya kabatini, jamani, si vya watoto.

Vya Channapatna navipa nyota nne. Usivioshe kwa maji ya moto wala kuviacha juani, lakiri italainika. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, basi.