Wamenibadilishia betri nzima kwa sababu ya nyaya mbili za redio

"Bosi, gari siyo kabati la nguo. Liendeshe."

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa kaunta siku niliyoirudisha betri waliyoniuzia wenyewe, haijafikisha hata miezi miwili kwenye gari. Kijana hakuinua macho kwenye simu. Akamalizia kwamba waranti haihusu magari ya kulala. Ningeandika siku ileile ningewapa sifuri na kuishia hapo. Sasa hasira imepungua kidogo, kidogo tu, na naandika kwa ajili ya wenzangu wenye magari ya wikiendi. Dar tuko wengi: Jumatatu hadi Ijumaa ni mwendokasi au bodaboda, gari linatoka Jumapili, au kukiwa na msiba Kibaha.

Duka silitaji. Lina bango kubwa nje, "Tunapima betri bure". Hilo neno kupima ndilo linaloniuma.

Turudi siku ya kwanza, nilipowapelekea betri yangu ya zamani. Kupima kwao ni hivi. Boneti inafunguliwa, wanabana testa ya mzigo, lile boksi lenye koili inayopata moto, mshale unaangukia kwenye nyekundu, wanakwambia betri imekufa. Dakika mbili hazifiki. Multimita yangu, kile kipima umeme cha mkononi, ilisoma volti 11.7 kabla hawajabana chochote, nikawaonyesha, wakanipuuza. Betri yoyote ikiwa na 11.7 itaanguka kwenye testa ya mzigo, hata kama imetoka kiwandani mwezi uliopita, kwa sababu testa hiyo inataka betri iliyojaa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma 12.6 mpaka 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 haina kitu. Haina kitu siyo sawa na imekufa! Unaichaji kwanza, ya Ah 45 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba) kwa ampea 4 inataka saa kumi na mbili hivi, unaiacha ipumzike saa kadhaa, ndipo unabana testa. Ikianguka hapo, haya, imekufa, sina ubishi. Chaja walikuwa nayo nyuma ya kaunta, niliiona kwa macho yangu imeunganishwa na betri ya bajaji.

Halafu ile ya zamani wakabaki nayo kama chakavu na kunipunguzia bei kidogo. Madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri yanauzwa kwa kilo. Nikasema basi pimeni na umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, kabla sijatoa hela yangu. "Hiyo mpaka kwa rewaya, sisi tunauza betri." Yaani niende kwa fundi umeme wa magari. Na mimi nikalipa, kwa sababu kesho yake nilikuwa na safari ya alfajiri.

Wiki chache baadaye, Jumamosi asubuhi, stata ikapiga tik-tik-tik na taa za dashibodi zikazimika. Betri mpya! Nikairudisha, nikapewa lile jibu la kaunta. Kilichotakiwa kufanywa pale dukani nikakifanya mwenyewe uwanjani, kwa multimita ya kawaida na spana namba 10. Nakieleza chote kwa sababu kila mwenye gari la kulala anapaswa kukijua kabla hajaenda kununua betri.

Chaji betri kwanza. Funga milango, boneti iache wazi. Kama gari lina swichi ya boneti kwa ajili ya alamu, ibonyeze na kuifunga kwa kamba ili gari lijue boneti imefungwa. Kama fyuzi zako ziko ndani, acha mlango wa dereva wazi, lakini sukuma kitasa chake kwa bisibisi mpaka kijifunge, gari lidhani mlango umefungwa (ukimaliza kifungue kabla hujaubamiza, la sivyo utavunja kitasa). Ufunguo, hasa ule wa kubonyeza, upeleke mbali, mita tano au zaidi, maana ukiwa karibu gari halilali. Waya mwekundu wa multimita uhamishie kwenye tundu la 10A. Legeza waya wa hasi wa betri. Kabla hujauchomoa, unganisha kipande cha waya kati ya nguzo ya hasi na kichwa cha waya wa gari, ili umeme usikatike. Sasa chomoa, weka multimita hapohapo katikati, kisha ondoa kile kipande cha waya. Kuanzia hapo usiwashe swichi na usipige stata hata kwa bahati mbaya. Stata inavuta ampea mia na ushee, fyuzi ya multimita itakatika papo hapo.

Kisha subiri. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, wanasoma namba ya kwanza na kuanza kung'oa nyaya. Kompyuta za gari zinachukua dakika kumi, nyingine hata nusu saa na zaidi, mpaka zilale. Langu lilianza na ampea 2.1, likashuka 0.9, baada ya dakika kama kumi likafika 0.34, likagoma hapo. Nikakaa dakika arobaini, bado 0.34. Gari zima linatakiwa kuvuta 0.02 mpaka 0.05.

Piga hesabu. 0.34 mara saa 24 ni Ah 8.16 kwa siku. Betri ni ya Ah 45. Ukililaza gari Jumapili jioni, Jumatano jioni zaidi ya nusu imeshaondoka, na Ijumaa usiku hakuna kitu. Ndiyo maana kila Jumamosi gari lilikuwa linakufa. Hata ungeliwekea betri ya lori lingekufa, lingechelewa tu.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ukichomoa usirudishe hapohapo, kwa sababu ukirudisha unaiamsha kompyuta upya na namba inapanda, unajichanganya mwenyewe. Asiyependa kuchomoa anaweza kupima milivolti kwenye vile vichuma viwili vya juu ya kila fyuzi. Yenye sifuri haipitishi kitu, yenye milivolti ndiyo unayoifuata. Nilipofika fyuzi iliyoandikwa DOME, ambayo kwenye Toyota yangu inalisha taa za ndani na kumbukumbu ya redio, multimita ikaanguka kutoka 0.34 hadi 0.03. Taa zote zilikuwa zimezimika, hata ya buti na ya kabati la dashibodi. Ikabaki redio.

Nikaivuta redio nje. Ni ile ya skrini kubwa ya Android, imefungwa na fundi wa mtaani baada ya kuondoa ya Kijapani. Waya wa njano na waya mwekundu vimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi, tepu yenyewe imelainika kwa joto na kuanza kuachia. Njano ni umeme wa moja kwa moja, wa kutunza kumbukumbu. Nyekundu inatakiwa ipate umeme pale tu ufunguo ukigeuzwa ACC (ile hatua ya kwanza, ya kuwasha redio) na kuendelea, ndiyo inayoiambia redio lala au amka. Ukizisokota pamoja redio hailali kamwe. Skrini inakuwa nyeusi ukiizima, lakini ndani inafanya kazi usiku kucha. Kwenye soketi ya Toyota, waya wa bluu wenye mstari wa njano ni wa moja kwa moja, wa kijivu ni wa ACC, lakini pima kwanza: wa ACC usome sifuri ufunguo ukiwa umetoka. Nikatenganisha, nyekundu nikaipeleka kwenye kijivu, nikarudisha fyuzi, nikasubiri gari lilale. 0.03. Hiyo ni Ah 0.72 kwa siku, mwezi mzima ndipo betri inafika nusu. Kazi nzima ni tepu ya mia tano na kipande cha waya.

Kama kwako siyo redio, wa kuwashuku kwanza ni vitu vilivyofungwa baadaye: GPS ya kufuatilia gari, alamu, kamera ya kioo cha mbele, na yale maboksi ya ETC ya kulipia barabara Japani ambayo magari yetu yanakuja nayo na hapa hayana kazi. Ikiwa umechomoa fyuzi zote na namba haishuki, itazame alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Dayodi zake, zile zinazoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, zikivuja, umeme unarudi kinyumenyume, na waya wake mnene haupiti kwenye fyuzi hizo ndogo. Ondoa hasi ya betri, fungua ule waya mnene nyuma ya alteneta, uzungushie tepu usiguse chuma, kisha pima tena.

Sasa lile la "liendeshe". Watu wanawasha gari getini, linaunguruma dakika kumi, wanalizima na kuridhika. Hiyo haisaidii. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta, alteneta inatoa kidogo, na feni, AC na taa zinakula sehemu kubwa ya hicho kidogo. Kama ni kuendesha, iwe nusu saa na zaidi barabarani, kila wiki, na voltimita ikiwa kwenye betri isome 13.8 mpaka 14.5 injini ikiwaka. Betri iliyokwisha kabisa hata hiyo haitoshi, inataka chaja. Nunua yenye akili, inayoshuka yenyewe mpaka kama volti 13.5 betri ikijaa. Zile za transfoma tupu ukizisahau usiku kucha zinachemsha maji ya betri. Sola ndogo ya wati 10 yenye kidhibiti chaji inafaa kwa gari linalolala juani, ila usiichomeke kwenye tundu la kiberiti. Kwenye Toyota nyingi tundu hilo linakatwa ufunguo ukitoka. Peleka waya moja kwa moja kwenye betri ukipitia fyuzi.

Anayesafiri mwezi na zaidi aondoe waya wa hasi. Hasi, siyo chanya, maana spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya utaona cheche ambazo hutazisahau. Ujue pia gharama yake: redio za Kijapani zenye ramani zinaweza kujifunga na kudai kadi au namba ya siri, vioo vinasahau kupanda vyenyewe (funga kioo, shikilia swichi juu sekunde chache), na sailensa inaweza kutetemeka muda mfupi. Na usimruhusu fundi yeyote achomoe betri injini ikiwaka eti anapima alteneta. Volti zinaruka, na zinaweza kuondoka na kompyuta ya gari.

Betri ikikaa tupu kwa wiki kadhaa, salfeti ya risasi inaganda kama ukoko kwenye sahani za ndani ya betri na haiyeyuki tena kwa chaji, na joto letu la Dar linaharakisha uharibifu. Kwa hiyo yawezekana ile yangu ya zamani ilikuwa imeshaumia kweli, baada ya Jumamosi zote zile. Hilo nalikubali. Na waranti ni ya kasoro za kiwandani, siyo ya redio iliyofungwa vibaya, hilo pia nalikubali, kijana alikuwa sahihi. Betri waliyoniuzia yenyewe ni nzuri: niliichaji, na tangu nitenganishe zile nyaya imekaa wiki tatu bila kuguswa, ikasoma 12.5, gari likawaka kwa mpigo mmoja. Betri nyota nne. Duka nilikuwa nimeshaandika nyota tatu.

Nimefuta. Kama alijua kwamba gari la kulala linamaliza betri, mbona hakuyasema hayo siku ya kuchukua hela yangu? Multimita ilikuwa mkononi mwangu, nimeinyoosha mbele yake, namba anaiona. Chaja iko hatua tatu nyuma yake. Nyota moja. Betri yangu haikuchajiwa hata saa moja kabla hawajaitupa kwenye rundo la chakavu.